Mstari wa Kijani Usoni kwa Amélie Matisse

Wengi wakiiona picha ya Amélie Matisse aliyochorwa na mumewe, mchoraji Mfaransa Henri Matisse, mwaka 1905, huuliza kwa nini mama wa watu amepakwa kijani usoni. Mimi nasema ule mstari ndio wenye ukweli kuliko kitu kingine chochote pale.

Itazame taratibu. Turubai ni dogo, sentimita 40 hivi kwenda juu. Mstari unaanzia kwenye paji la uso, unapita juu ya pua, unashuka hadi kidevuni. Upande mmoja wa uso ni manjano, wa pili ni waridi. Wachoraji wa Ulaya walizoea kuinua pua kwa kivuli, wakikoleza kahawia kidogo kidogo. Matisse kaachana na hayo. Pale mwanga unapokutana na kivuli kaweka kijani, basi, na pua imeinuka. Halafu angalia nyuma ya kichwa: shavu la waridi limepakana na kijani, na lile la manjano limepakana na zambarau na rangi ya machungwa. Rangi zimepishanishwa makusudi. Ziba kile kijani cha nyuma kwa kidole, uone shavu linavyofifia.

Mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya Salon d'Automne jijini Paris, picha nyingine ya Amélie, akiwa na kofia kubwa, ilichekwa sana. Mkosoaji Louis Vauxcelles akawaita Matisse na wenzake wanyama wa mwituni. Unyama uko wapi? Mimi naona hesabu na nidhamu.

Mwaka 1910 mchoraji mwingine, Pablo Picasso, alishika njia nyingine. Alimchora Daniel-Henry Kahnweiler, mwuza sanaa, kwa vipande vyenye pembe, kahawia na kijivu tupu. Mtu mwenyewe inabidi umtafute: nywele zenye mawimbi kule juu, mikono iliyoshikana huku chini. Akili iliyomo ni kubwa na naiheshimu, ila nikimaliza kuitazama nakuwa nimemjua Picasso zaidi ya Kahnweiler.

Amélie simsahau. Macho meusi, nyusi nzito, sura ya mtu asiyebabaishwa. Na jiometri imo vilevile: uso wa duara refu uliokatwa katikati, fundo la nywele juu yake, nyuma mapande matatu ya rangi. Matisse hakulazimika kumvunja mkewe ili aipate.