Kitambaa machoni hakifundishi upofu

Nimesoma makala moja kuhusu kuwafundisha watoto juu ya upofu. Eti ukiwafunga watoto wa darasa la kwanza vitambaa machoni kwa nusu saa, wataelewa maisha ya mwenzao asiyeona? Hapo mwandishi wake kanipoteza. Aliyefungwa macho anaonja dakika za mwanzo tu za kutoona: kupapasa, kujigonga, kuogopa. Anatoka na huruma, na huruma hiyo ndiyo inayomfanya kesho amkamate mwenzake mkono na kumburuta. Ujuzi wa mtu aliyezoea kutoona hauonekani kabisa katika zoezi hilo. Afadhali dakika 10 za kujifunza kumwongoza asiyeona: taja jina lako, uliza kama anataka msaada, gusisha mkono wako na wake, naye ashike juu kidogo ya kiwiko chako (mfupi zaidi hushika kifundo cha mkono), wewe utangulie nusu hatua. Kwenye ngazi simama, sema inapanda au inashuka. Ukiondoka, aga, hapo ndipo watoto husahau, mwenzao akabaki anaongea na hewa. Nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) nazo watoto huzipenda sana: kata trei ya mayai ibaki na vishimo 6, safu mbili za wima za vitatu vitatu, tumbukiza vifuniko vya chupa. Kishimo cha juu kushoto peke yake ni A, ukiongeza cha chini yake ni B. Na mtoto akiuliza "mbona macho yake yako hivyo?" asizimwe kwa "shhh", ajibiwe kwa sentensi moja ya kweli. Walimu mliomo humu, huwa mnamwuliza kwanza mtoto mwenyewe kama anataka hali yake izungumzwe mbele ya darasa?