Siyo Picha, ni Mchoro! Haya, Kisha?

Jana ile picha ya mchoro imerudi tena kwenye kundi la familia: "Subhanallah, HII SIYO PICHA, NI MCHORO!!! Vuta uone mikunjo ya nguo." Jina la mchoraji hakuna, kwao hakutajwi. Watu wakamwaga mioyo, tukarudi kwenye mchango wa harusi.

Mchoraji anaitwa Iman Maleki. Kazaliwa Tehran 1976. Alipofika miaka 15 akaanza kujifunza kwa Morteza Katouzian, mzee ambaye uchoraji alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1999 akamaliza Chuo Kikuu cha Sanaa pale Tehran, 2001 akafungua studio yake, Ara. Mwaka 2005 Art Renewal Center, taasisi ya sanaa ya Marekani, ikampa tuzo yenye jina la Bouguereau, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19. Mtu huyu sisi tunamsifu kwa kumlinganisha na kamera ya simu.

"Kama picha!" Sifa gani hiyo? Ukila biriani la mama mkwe utamwambia "kama la hotelini"?

Utotoni mtaani kwetu alikuwapo fundi wa mabango. Siku moja alichora kichwa kwenye ukuta wa kinyozi, mimi nimechuchumaa nimemshikia kopo la rangi nyeusi. Nywele, masikio, ndevu, vyote vilikwisha kabla ya adhuhuri. Macho yakamla mpaka alasiri. Anatia nukta, anarudi nyuma hadi katikati ya barabara, baiskeli zinampigia kengele, anakuja anaifuta kwa kitambaa kinachonuka mafuta ya taa. "Huyu anaangalia wapi?" ananiuliza, kama vile mimi najua. Kamera haijawahi kumuuliza mtu swali hilo. Inabonyezwa, imekwisha. Mchoraji kila nukta kaiamua, na angeweza kuamua vingine.

Sasa mtazame Maleki katika mchoro wenyewe uliotumwa, ule wa fali ya mshairi Hafez. Wairani usiku wa Yalda, ule mrefu kuliko yote wa mwaka, au Nowruz, mwaka mpya wao, hufungua diwani ya Hafez popote itakapofunguka, wakasoma shairi hilo kuwa ndiyo fali yao. Fali hiyo hiyo yetu. Na Hafez ni mtu wa Shiraz, mji ambao pwani hii wapo wanaojinasibu nao mpaka leo. Yaani mchoro umebeba watu wanaosubiri kuambiwa bahati yao na mshairi aliyekufa karne ya 14, sisi tumeng'ang'ania mikunjo ya nguo!

Haya, nikubali kwa shingo upande: mikunjo yenyewe inatisha kwa uzuri. Na zipo kazi zake zilizozidi utamu, kama chai ya harusini. Watakaoniambia uchoraji wa namna hii umepitwa na wakati, nusu ya neno lao nalipokea, nusu nawarudishia.

Lakini binamu yangu mmoja akauliza: "Kwani Iran wanaruhusu kuchora watu?" Jamani! Kamal-ol-Molk alikuwa mchoraji wa ikulu ya Iran tangu karne ya 19, na kamchora mfalme wake, Naser al-Din Shah, kakaa peke yake kwenye Ukumbi wa Vioo wa kasri la Golestan, Tehran, kila kioo na mng'ao wake. Maleki hakuota kama uyoga.

Nikamwandikia shangazi, aliyeituma: "Shikamoo shangazi. Unadhani fali yao imetoka njema?"

Alama mbili za buluu. Kimya kirefu. Kisha ikaja sauti: "Marahaba mwanangu. Ngoja nitafute miwani."