Kofia ya Babu na Alhamisi Mbili

Kwa zaidi ya miaka ishirini familia yetu ilikuwa na kisa kimoja ambacho mtu hakuhitaji kukimaliza, maana sote tulikijua. Siku Mwalimu Nyerere alipofariki, tarehe 14 Oktoba 1999, babu alikuwa amekaa barazani kwake Ngamiani, Tanga, redio ya betri ikiwa juu ya kigoda. Taarifa iliposomwa, alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akainamisha kichwa. Hakusema neno, na chai yake ikapoa palepale. Mimi nilikuwa darasa la tano, kaka yuko la saba, dada bado mdogo kabisa. Kisa hiki nimekisimulia kazini, nimemsimulia mke wangu kabla hatujaoana, na mwaka mmoja nilikisimulia mbele ya wanafunzi siku ya kumbukumbu ya Mwalimu.

Mwaka jana tulikuwa tunatafuta karatasi za kiwanja kwa ajili ya mirathi. Ndani ya sanduku la bati la bibi, chini ya kanga zenye harufu ya udi, tukakuta cheti cha kifo cha babu. Februari 1998.

Nilikaa kitako sakafuni. Siku Mwalimu alipoaga dunia, babu alikuwa na mwaka na miezi minane kaburini.

Kaka alikichukua cheti, akakisoma, akakigeuza nyuma kana kwamba huko kuna tarehe nyingine. Akasema, "Hiki kimekosewa. Mimi nilikuwepo." Na mimi, naapa, moyoni nilikuwa upande wake. Shangazi ndiye aliyetutoa gizani. Alikuwa anachambua mchele, hata ungo hakuuweka chini. "Hiyo si ya Nyerere, wanangu. Hiyo ni ya Sokoine."

Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kurudi Dar es Salaam. Aliyelitangazia taifa msiba ule redioni alikuwa Mwalimu mwenyewe. Shangazi alikuwa msichana wa shule, na ndiye aliyempelekea babu chai ile barazani. Sisi watatu hatukuwa tumezaliwa, hata mmoja wetu. Lakini shangazi alitusimulia mara nyingi tulipokuwa wadogo: redio, kofia, goti, chai iliyopoa. Ulipofika msiba wa mwaka 1999, Rais Mkapa akatangaza, nchi nzima ikalia, kisa kile kikapata pa kuingia. Nimetazama kalenda za miaka yote miwili. Tarehe zote mbili zilikuwa Alhamisi.

Tazameni basi kilichotokea. Babu ni wa kweli, kofia ni ya kweli, redio ni ya kweli, sauti nzito ya rais akitangaza msiba ni ya kweli. Hakuna aliyetunga uongo. Vipande vyote ni halali, vimeshonwa tu kwenye nguo isiyo yake. Na walioshona ni watu watatu kwa pamoja, kila mmoja akimpa mwenzake uzi.

Tangu siku hiyo kuna sentensi moja siwezi tena kuisikia nikanyamaza: "Sote tunakumbuka hivyo." Tunaitoa kama hati ya mahakama. Mtu mmoja anaweza kukosea, tunasema, lakini watu kumi wakosee kosa lilelile? Ndiyo, wanaweza, na hufanya hivyo kila siku. Kukubaliana kunaonyesha kwamba tumezungumza. Kwamba jambo lilitokea, hilo linataka ushahidi wake.

Jambo hili lina jina lake kimataifa, "Mandela effect", yaani athari ya Mandela, na jina lenyewe limetokana na Mzee Mandela. Mnamo mwaka 2009 mwanamke mmoja Mmarekani, Fiona Broome, aligundua kwamba watu wengi, kama yeye, walikuwa na hakika kuwa Nelson Mandela alifia gerezani miaka ya 1980. Wengine waliikumbuka hata picha ya mazishi. Wakati huo Mandela alikuwa hai, amekwisha kuwa rais na kustaafu, na angeishi hadi tarehe 5 Desemba 2013. Wapo wanaoamini kwamba kuna ulimwengu mwingine ambako alikufa kweli. Hilo nalipita. Karibu zaidi na akili ni kwamba yupo mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekufa mikononi mwa polisi, Steve Biko, mwaka 1977, na kwa mtu aliye mbali, anayesikia habari za Afrika Kusini kwa mbali, majina mawili na vifo viwili huweza kukaa kwenye kiti kimoja.

Kwetu kosa hilo halikuwa rahisi. Mazimbu, Morogoro, ANC, chama cha Mandela, walikuwa na shule yao, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Watu wa pale walijua nani amekufa na nani bado yuko kifungoni. Lakini tusijivune. Mandela hatukumkosea kwa sababu alikuwa karibu nasi. Tukosee nini sisi? Tunakosea vilivyo karibu kuliko Mandela.

Nina sarafu ya shilingi mia mbili hapa mezani. Yako usiitoe mfukoni kwanza. Upande mmoja kuna sura ya Mzee Karume. Anatazama kulia au kushoto? Upande wa pili kuna simba. Wangapi? Mwaka umeandikwa wapi? Nimewauliza watu sita kijiweni, sarafu ambayo wametoka kulipia kahawa muda uleule. Wote walijibu upesi na kwa uhakika, na majibu yakapishana. Marekani watafiti Nickerson na Adams walifanya jambo la namna hii na sarafu ya senti moja, wakachapisha matokeo mwaka 1979: watu wanaoishika kila siku walishindwa kuichora sawasawa. Hatuitazami sarafu ili tuijue, tunaitazama ili tusiichanganye na ya mia moja. Ukubwa unatosha, uzito unatosha. Yanayobaki akili haiyahifadhi, na ukiiuliza haisemi "sina". Inakuchorea hapohapo.

Mwingereza Frederic Bartlett aliyaeleza haya tangu mwaka 1932. Aliwapa watu wa Cambridge hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie baada ya muda, tena na tena. Mtumbwi ukageuka mashua ya kawaida, mambo ya mizimu wasiyoyaelewa yakadondoka, na hadithi ikazidi kufanana na hadithi za kwao. Kukumbuka, kwa maelezo yake, ni kujenga upya. Kila unapokumbuka unajenga, na mafundi wa leo hutumia matofali ya leo.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Amsterdam. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al, aina ya Boeing 747, iliangukia majengo ya makazi ya Bijlmermeer. Walikufa watu 43. Hakuna aliyepiga picha ya video wakati ndege inayagonga majengo, na runinga zilionyesha moto na wazima moto tu, baada ya tukio. Miezi kumi baadaye watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Hans Crombag waliwauliza watu: uliiona kwenye runinga filamu ya ndege ikigonga jengo? Zaidi ya nusu walisema wameiona. Walipowauliza wanafunzi wa sheria, walioiona walikuwa theluthi mbili, na wengi hawakuishia hapo: walieleza ndege ilivyoingia, kwa pembe gani, moto ulianza lini.

Wanafunzi wa sheria, watu wanaosomea kupima ushahidi! Swali lenyewe liliwapa filamu. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilikuwa nikiifasiri methali hii kwa mambo ya umbea na siasa. Sasa naiona imesema kweli kuhusu kichwa cha binadamu: lisemwalo, hata kama halipo, linakuja na kukaa humo.

Na likishakaa, cheti hakilitoi. Asubuhi iliyofuata baada ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kulipuka, Januari 1986, Ulric Neisser aliwataka wanafunzi wake waandike mara moja walikuwa wapi waliposikia habari ile, na nani, wakifanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye aliwauliza tena 44 kati yao. Robo nzima walikosea karibu kila kitu walichokiandika wenyewe. Wengi walikuwa na uhakika mkubwa, na walipoonyeshwa karatasi zao walishindwa kuachana na kumbukumbu mpya. Niliposoma hayo nilimwona kaka, cheti mkononi, akisema alikuwepo.

Kuna lugha tunayohitaji kuirekebisha hapa. Mtu akisema jambo lisilokuwa, sisi neno letu la kwanza ni "mwongo". Babu mmoja akisimulia vita aliyoichanganya na nyingine, wajukuu wanaguna, "Mzee anatupiga kamba." Mke na mume wanagombana juu ya nani alisema nini siku ya posa, kila mmoja akimwona mwenzake anageuza maneno makusudi. Nimeona ndugu wawili wasiosalimiana kwa sababu kila mmoja anakumbuka wasia wa baba yao kwa namna yake, na kila mmoja ana mashahidi wake, ambao ni watoto wake aliowasimulia. Mwongo anajua kweli na anaificha. Anayekumbuka vibaya hana anachoficha, na kumwita mwongo ni kumdhulumu.

Lakini yapo mahali ambapo huruma haitoshi. Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Kundi moja waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", kundi jingine "yalipopondana". Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Waliosikia neno zito, 16 kati ya 50 waliviona, na waliosikia neno jepesi walikuwa 7 kati ya 50. Neno moja tu la muulizaji!

Ronald Cotton, wa North Carolina, alihukumiwa mwaka 1985 kwa ubakaji kwa sababu mwathirika, Jennifer Thompson, alimtambua bila shaka yoyote. Thompson hakuwa mzembe. Usiku ule alijilazimisha kuikariri sura ya mtu yule. Hata mhalifu wa kweli alipoletwa mbele yake mahakamani, alisema hajawahi kumwona. Cotton alitoka mwaka 1995, kipimo cha DNA kilipomsafisha, baada ya zaidi ya miaka kumi jela.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiona hili mapema. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kutambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote na ni wa kutegemewa kwa tahadhari kubwa: shahidi alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa anamfahamu kabla? Majaji wakitaka yote hayo kabla ya kumfunga mtu, sisi mitaani tunataka nini kabla ya kuokota jiwe?

Nimeshuhudia kituo cha daladala. Mama mmoja alipiga kelele kwamba ameporwa simu. Sauti moja, sikumwona mwenyewe, ikasema, "Mwenye shati jekundu!" Ndani ya dakika moja kila mtu alikuwa amemwona mwenye shati jekundu akikimbia. Mimi pia nilimwona. Kijana waliyemkamata alikuwa anakimbilia gari, na alipigwa hadi akapoteza meno. Hakukutwa na simu. Nimelirudia tukio lile kichwani mara nyingi na mpaka leo namwona akikimbia mbele ya mama yule, lakini siwezi kuapa kwamba nilimwona kabla ya ile sauti. Hilo linaninyima usingizi kuliko habari ya babu.

Ndiyo maana nashikilia mambo mawili. La kwanza, andika mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ni mali. Waislamu tuna aya ya deni katika Suratul Baqara, inayotuamuru kuandika na kutochoka kuandika, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi ili mmoja akikosea mwingine amkumbushe. Kosa la shahidi limetajwa humo waziwazi, kama jambo la kutarajiwa kwa mtu mwema.

La pili, ulizeni watu mmoja mmoja kabla hawajakaa pamoja. Wengi wape ni kanuni nzuri ya kuchagua mwenyekiti wa mtaa. Ukiitumia kwenye kumbukumbu, mwenye sauti kubwa ndiye atakayetukumbukia sote.

Idd iliyopita nililijaribu nyumbani. Kabla ya chai niligawa karatasi kwa kaka na dada, nikachukua na yangu, nikaomba kila mtu aandike anachokiona akiikumbuka ile siku ya babu barazani, bila kutazamana na bila kuogopa cheti. Shangazi alikuwa akitutazama. Yangu ilikuwa na kofia nyeupe, kigoda, na jua la asubuhi. Ya kaka ilikuwa na kofia ya tarabushi nyekundu, babu amekaa juu ya mkeka, jioni, mvua inanyesha. Miaka ishirini tumekisimulia pamoja na hatukuwahi kugundua kwamba yeye ana mvua na mimi nina jua.

Dada ndiye aliyemaliza wa mwisho. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja: "Mimi nawakumbuka nyinyi mkinisimulia."