Rangi Mbichi

Mie huchora tingatinga, ule mtindo alioanzisha Edward Said Tingatinga kule Dar mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta, hiyo hiyo ya kupakia baiskeli. Inang'ara mpaka unatamani kuilamba, ila ina aibu moja: haina haraka ya kukauka. Na masika ya hapa Unguja, ambapo hata chumvi hulia ndani ya kopo, waweza kungoja siku tatu.

Mie nilikuwa na usiku mmoja.

Chuo kimoja cha Kikristo kiliandaa maonyesho ya sanaa ya watu wa mitaani, Waislamu kwa Wakristo, yeyote mwenye mkono. Picha yangu, jahazi lenye tanga jekundu, niliifikisha asubuhi na mapema nimeishika kwa ncha za vidole kama aliyebeba bakuli la uji wa moto. Msumari uliobaki ulikuwa mmoja, karibu na mlango, usawa wa mabega. Nikatundika, nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: RANGI MBICHI. Nikaibandika pembeni, nikaenda zangu kulala.

Kurudi saa nne, watu tele. Vijana wa chuo, Mungu awabariki kwa unadhifu wao, walikuwa wamebandua makaratasi yetu yote na kuchapa vibao vizuri kwa kompyuta. Changu kilikuwa na jina langu, na chini yake: "Rangi Mbichi. Sh. 150,000."

Walimu wawili wamesimama mbele yake, vichwa upande. Mmoja anasema picha inazungumzia nchi changa iliyo safarini. Mwenzake anakataa: "La, huo ni ujana." Nilitaka kusema. Lakini wallahi, kazi yangu haijapata kuzungumzwa namna ile, nikanyamaza nisikilize. Kidogo tu.

Kidogo hicho hicho kikatosha. Mgeni rasmi, sheha wetu, alikuwa kachoka na hotuba. Akarudi nyuma hatua mbili na kanzu yake nyeupe pepepe, akaegemea.

Alipojibandua, jahazi likaondoka naye. Tena limegeuka: langu lilikuwa likienda kulia, lake likawa linakwenda kushoto. Akakagua ukumbi mzima hivyo, na watu nyuma yake wakimfuata kimya, wengine na simu mkononi. Akidhani ni heshima. Mtoto mmoja ndiye aliyepasua: "Mama, babu kabeba chombo!"

Nikakimbilia mafuta ya taa. Usinifuate kwa hilo. Tanga lilitapakaa, bahari yote ikawaka moto kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Mkuu wa chuo akanivuta kando kunipoza. Akanambia hata kanisa la Mkunazini, lilipojengwa miaka ya 1870, inasemwa mafundi walisimamisha nguzo kichwa chini askofu alipokuwa hayupo, na leo wageni huingia kuzitazama. Nikamshukuru. Lakini zile nguzo hazikuwa na mke nyumbani wa kuuliza.

Nikamwendea mzee, macho chini. "Sheha, niwie radhi."

"Mbona hukunambia rangi mbichi?"

"Niliandika, Sheha."

"Nimesoma. Nikasema, jina zuri hili." Akajipapasa mgongoni, akanusa kidole. "Basi mwanangu, hiyo nusu iliyobaki ukutani, jioni niletee."