Mguu wa Billy na mguu wa Simba

Usiku wa kwanza Billy alisimama chini ya ngazi akatetemeka mwili mzima. Ngazi hakuwahi kuziona. Ni greyhound, mbwa mwembamba wa mbio, ana miaka mitatu, na tangu azaliwe alichokijua ni banda na uwanja wa mchanga. Ndani ya masikio yake yote mawili kuna herufi zilizochanjwa kwa wino wa kijani, alama kwamba kazaliwa Ireland, kama walivyo wengi wanaokimbizwa hapa Uingereza. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji nene toka vidoleni hadi juu.

Kuumia mguu wa kulia kuna sababu yake. Viwanjani mbwa hawa huzunguka kwa kushoto, kinyume cha mwendo wa saa, kwa kasi inayopita kilomita 60 kwa saa, na kwenye kona mzigo wote hukiangukia kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Katikati ya kifundo hicho pana kimfupa kidogo, na ndicho kinachopasuka. Kikipasuka, mara nyingi kazi imekwisha. Billy aliwekewa skrubu. Wapo wenzake ambao bei ya matibabu ilionekana kubwa kuliko thamani yao, wakapigwa sindano ya mwisho.

Mimi ni mlezi wa muda tu. Watu wa hisani waliomchukua waliniomba nikae naye mpaka apone, ndipo apewe familia ya kuishi nayo siku zote. Kazi yenyewe ni kumtuliza. Wiki kadhaa hakuna kuruka, hakuna kukimbia, hakuna kupanda kiti. Anatoka nje kwa haja tu, dakika tano, mkanda mkononi mwangu. Na kwa kuwa Manchester mvua haiishi, kabla ya kutoka namvisha mguuni mfuko mtupu wa dripu uliokatwa upande mmoja, niliopewa na daktari, bendeji isilowe. Tukirudi nauvua hapohapo, maana mguu ukitoka jasho ndani ya plastiki ngozi huoza. Kila asubuhi napiga magoti naunusa ule mguu. Ukinuka vibaya, ni kurudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Mama alipojua, alinitumia sauti kutoka Pemba: "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kuuguza jibwa?" Simlaumu. Tumelelewa kwenye madhehebu ya Shafi: chombo kikilambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bado ndivyo ninavyoshika. Nguo za kumhudumia Billy ziko mbali, chumba cha kusalia kiko juu. Lakini mama huyohuyo ndiye aliyenisimulia, nikiwa mdogo, habari za mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Nilimkumbusha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mbwa anakula.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa nyumbani, maneno ni yaleyale: Wazungu wanapenda mbwa kuliko binadamu. Na wapo wenzangu wa huku wanaojibu kwa kututukana sisi, kwamba kwetu hakuna utu kwa mnyama. Nawakatalia wote wawili. Mbio za mbwa wa kufukuza sungura wa mashine zilianza nchini hapa mwaka 1926, kwenye mji huuhuu ninaoishi, uwanja wa Belle Vue. Mbwa waliacha kukimbia hapo mwaka 2020, ila viwanja vingine vya England bado watu wanaweka pesa zao. Serikali ya Wales ilitangaza Februari 2025 kwamba itapiga marufuku mbio hizi. Kwa hiyo nchi iliyomuunga Billy mfupa ndiyo iliyomvunja. Sioni hapo upendo mkubwa kuliko wetu. Ninachokiona, na hiki nakihusudu kwa moyo wote, ni kwamba mbwa akiumia, mtu yeyote anajua ampeleke wapi. Kuna namba ya kupiga, kuna daktari, kuna kituo, kuna mtu kama mimi mwenye kona tupu nyumbani.

Babu yangu kule Konde, Pemba, hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Alifuga mbwa, Simba, wa kulinda mihogo dhidi ya tumbili. Siku moja gari la abiria lilimgonga kwenye barabara ya Wete. Watu wakamwambia babu ammalize. Akasema, "Huyu kanilindia chakula changu, nami nimwache njiani?" Alimfunga mguu kwa vipande vya mwanzi na matambaa ya kanga kuukuu, akamlaza kwenye banda la nazi, akawa anampelekea ukoko wa wali na dagaa. Dawa ya maumivu haikuwepo. Bwana mifugo alikuja kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, akamtazama Simba, akatikisa kichwa. Mkobani hakuwa na kitu cha mbwa. Usiku Simba alilia, na babu akakaa naye na kandili mpaka alfajiri. Nilikuwa na miaka tisa. Mfupa uliunga upande, na Simba akaishi miaka mingine mitatu akichechemea.

Kila ninapomficha Billy kidonge ndani ya kipande cha jibini, nasikia kile kilio.

Ndiyo maana siwezi kusikia kwamba kwetu huruma haipo. Ilikuwepo, imekaa kwenye banda la nazi na kandili, haina bendeji. Na huduma ikiwafikia watu, wanaipokea. Tazameni kichaa cha mbwa Pemba. Chanjo zilipelekwa hadi vijijini, watu wakaleta mbwa wao, ugonjwa ukakatika. Uliporudi mwaka 2016, chanjo ziliongezwa, na kufikia 2018 ukakatika tena. Kisiwa cha Waislamu, ambako mbwa haingii ndani, kimefanya lililozishinda nchi nyingi zenye pesa kuliko sisi.

Sisi tulioko nje tunachanga kwa maiti, kwa visima, kwa madrasa, na ni wajibu wetu. Naomba tuongeze hili. Sisemi mashine za mamilioni. Nasema ganzi, dawa za maumivu, bendeji, plasta, mafuta ya pikipiki ya bwana mifugo, na banda moja kila wilaya ambamo mbwa aliyevunjika anaweza kulala wiki sita bila kupigwa mawe. Nitaanza mimi, na jina langu liandikwe la kwanza kwenye orodha.

Bendeji ya Billy imetolewa wiki jana. Mguu umekonda, manyoya yameanza kuota palipopita kisu. Juzi bustanini aliukanyaga wote kwa mara ya kwanza, akaja akaniegemea pajani kwa uzito wake mzima, kama wafanyavyo mbwa wa aina yake, nikasimama pale kwenye baridi nisitake kusogea. Wenyewe wanakuja kumchukua Jumamosi, mume na mke waliostaafu. Nyumba yao haina ngazi.