Tusingoje msiba ndipo tusafishe picha

Shangazi yangu alifariki usiku wa kuamkia Jumanne. Kulipokucha turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vinashushwa, na kaka akanivuta pembeni kunipa kazi yangu: nitafute picha ya marehemu, ya kuweka juu ya jeneza na kwenye ratiba ya ibada. Niliona nimepewa kazi nyepesi kuliko wenzangu wote. Simu yangu ina picha zaidi ya elfu nne.

Nilipekua mpaka adhuhuri. Shangazi yumo, tena mara nyingi, lakini yumo vipi? Nyuma ya bibi harusi, nusu ya uso imezibwa na kilemba cha mtu. Kwenye kipaimara cha mpwa wake, amegeuka anamwambia jirani jambo. Jikoni, mgongo tu na upawa. Mwishowe tukachukua moja ya sendofu, tukamkata kutoka kati ya watu kumi na mmoja, tukaituma ikakuzwe kwenye karatasi ya A3. Ilirudi na uso wa miraba miraba, macho yamebaki vivuli viwili. Binti yake alipoiona pale mbele alisema taratibu, "Huyu siyo mama." Hakumlaumu mtu. Lakini neno lile limekaa nami, na ndilo linaloniandikisha leo.

Ninachosema ni hiki: watu wa Dar tumeacha kusafisha picha za watu wetu, yaani kuzitoa kwenye karatasi, wakiwa hai. Tunasafisha kwa ajili ya fomu na kwa ajili ya msiba. Fungua droo za nyumba zetu utakuta pasipoti saizi zenye mandhari ya bluu, mbili au tatu zilizobaki baada ya kujaza fomu ya shule. Mtoto wa miaka kumi ana picha elfu kwenye simu ya mama yake, na hana hata moja ya kuishika mkononi. Simu ikikwapuliwa kwenye daladala, utoto wote umekwenda nayo.

Ndugu zangu hunijibu kwamba siku hizi picha ziko Google, hazipotei. Simu ya shangazi ipo, kabatini, imefungwa kwa mchoro ambao hakuna anayeujua. Barua pepe yake hakuna anayeijua. Hifadhi ya bure ya Google ina kikomo cha GB 15, na tangu Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa humo. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Sisemi watu waache kuhifadhi huko. Mimi mwenyewe nahifadhi. Nasema mlango ambao ufunguo wake uko kichwani mwa mtu mmoja hufungwa siku anapozikwa.

Nalipenda hili neno letu, kusafisha. Enzi za filamu, roli la picha 36 lilipelekwa studio kuoshwa kweli: dawa ya kuitoa picha, dawa ya kuizuia isiendelee kubadilika, kisha maji. Mashine kubwa za maduka ya picha bado hufanya hivyo kwa ndani. Mwanga unaichora picha kwenye karatasi yenye chembe za madini ya fedha, karatasi inapita kwenye dawa, inatoka imekauka. Picha ya namna hiyo ukiitunza itamkuta mjukuu. Ziko pia mashine ndogo za utepe, zile zinazotoa pasipoti saizi kwa dakika moja, ambazo huhamisha rangi kwa joto na kumalizia kwa utando mwembamba juu. Nazo si mbaya. Ninayoiogopa ni printa ya wino ya steshenari, wino wa kawaida juu ya karatasi ya kung'aa. Picha inatoka inapendeza, lakini jasho la kidole katika joto la Februari linatosha kuitia baka. Kwa hiyo nikifika dukani siulizi kwanza bei. Nauliza mashine gani.

Na bei haitishi. Picha moja ya 4R, ile ya inchi 4 kwa 6, haifiki bei ya sahani ya chipsi mayai.

Miezi miwili baada ya msiba nilimpeleka mama kwenye duka la picha la huku kwetu Magomeni. Alibeba kopo lake la biskuti, lile tulilokatazwa kuligusa tangu wadogo. Fundi alisimama. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo? Nimekuletea watu wangu." Akalifungua kopo juu ya kaunta na foleni ikasimama. Hakuna aliyenung'unika. Dada mmoja aliyekuja kupiga pasipoti saizi alisogea naye kutazama.

Fundi alichagua mbili akaziweka pamoja. Ya kwanza ni babu mbele ya Sanamu ya Askari, nyeusi na nyeupe, ya miaka ya 1960. Ya pili ni mama mwenyewe akiwa msichana, studio ya Kariakoo siku ya Krismasi, nyuma yake pazia lililochorwa mlima na maua. Hiyo ni ya rangi, ya miaka ya 1970. Babu anaonekana mpaka mshono wa kola. Mama amegeuka mwekundu wote, na mlima mwekundu, na maua mekundu. Zimekaa kopo moja miaka yote hiyo! Fundi akatueleza kwamba picha nyeusi na nyeupe imeshikwa na madini ya fedha yenyewe, wakati ya rangi inategemea rangi tatu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na katika karatasi za miaka ile rangi ya upande wa bluu hufifia mapema hata ikiwa gizani. Kinachobaki ni wekundu.

Hapo nilibadili mpango. Nilikuwa nimepanga kuanza kuskani za kale zaidi, kama ambavyo nadhani kila mtu angefanya. Wanaotakiwa kuwahiwa ni wale wa rangi, wa miaka ya 1970 na 1980, kwa sababu kila mwaka wanapungua. Babu anaweza kungoja.

Na hakuna pengine pa kwenda kuwatafuta. Unguja ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kazi yake imebaki kama kumbukumbu ya mji mzima. Studio ya mama pale Kariakoo leo ni duka la vitenge. Negativu zake hatujui zilitupwa wapi. Nakala iliyomo kwenye kopo ndiyo pekee duniani.

Nilimwonyesha fundi ile picha ya shangazi ya sendofu. Aliitazama kidogo tu. "Hii imepita WhatsApp." Picha ikitumwa humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa; nyingi hufika na pikseli, zile nukta ndogo zinazoijenga picha, kama 1,600 kwa upande mrefu. Kwa 4R inatosha, maana inchi moja inapata zaidi ya pikseli 260, na 300 ndiyo kiwango kizuri cha picha ya kushikwa mkononi. Ukiivuta ifike A3 inchi inabaki na chini ya pikseli mia. Sisi hata hatukuivuta nzima. Tulivuta uso mmoja kati ya kumi na moja. Dawa yake ni ndogo mno, na ingetuokoa: mwombe aliyepiga akutumie kama faili, au mpelekee flashi. Yule mpiga picha wa sendofu alikuwa na picha yenyewe kamili. Siku ile ya turubai hakuna aliyewaza kumpigia.

Kuna jambo moja la maduka yetu linaloniuma na sitalipaka sukari. Ni hii tabia ya kung'arisha nyuso. Duka moja nililowahi kulipelekea picha ya babu, siyo hili la sasa, lilinirudishia mzee mweupe, mashavu laini kama ya mtoto, makunyanzi yamepanguswa. Yule kijana aliniambia kwa upole kabisa kwamba wateja ndivyo wanavyopenda. Najua, na ndiyo maana inauma. Filamu zenyewe zilitengenezwa bila kutufikiria: kwa miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inatoka kama kivuli chenye meno. Leo mashine inaweza kumtoa babu kama alivyokuwa, halafu tunamfuta kwa mikono yetu. Babu alikuwa mweusi wa kung'aa na alijua hivyo. Sasa kabla ya lolote nasema: usiguse sura, usiguse ngozi, toa vumbi na mikwaruzo tu. Fundi wa Magomeni huzima kabisa ule urekebishaji wa mashine, anarekebisha kwa jicho, ananiita nitazame kwenye skrini kabla hajabonyeza. Kisha anafuta picha zetu kwenye kompyuta yake nikiwa nimesimama hapo. Naomba hivyo kila mara, na hajawahi kununa.

Kuhusu kutunza, jiji letu lina unyevu na lina mafuriko. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilipofurika, nyumba ya ndugu zetu wa Kigogo iliingia maji mpaka dirishani. Sanduku la picha liliokolewa, likaanikwa juani vile vile, picha zimelaliana. Zilikauka zikawa tofali. Laiti tungejua: picha zilizolowa huachanishwa zikiwa bado mbichi, husuuzwa kwa maji safi ya baridi, kisha hulazwa kivulini moja moja, uso juu. Picha iliyogandiana na kioo cha fremu usiivute; iskaniwe hapo hapo kupitia kioo. Ndiyo sababu fundi wa fremu hana budi kuweka kadi iliyotobolewa katikati kama dirisha kati ya picha na kioo, hata kama hukumwambia. Zile albamu za kurasa za gundi zenye plastiki juu, zilizokuwa fahari ya kila sebule, ndizo zimetuharibia zaidi, gundi imekuwa ya manjano na imeng'ang'ania. Uzi wa kusafishia meno ukipitishwa polepole nyuma ya picha huiachilia. Tulitoa thelathini na nne kwa njia hiyo, jioni mbili, mama akishika taa.

Halafu kupanga. Nilinunua albamu ya mifuko, nikaandika miaka juu ya kurasa, na mama hakuweza kunisaidia hata moja. Mwaka si kitu anachokumbuka. Anakumbuka nyumba. Hii tulikuwa Temeke, chumba cha nje. Hii nyumba ya Ilala, tumepanga kwa Mzaramo mmoja mwema sana. Hapa tumeshahamia Magomeni, unaona dirisha? Basi nilifuta miaka, nikapanga kwa nyumba tulizokaa, na ghafla maneno yakafunguka. Miaka yenyewe ikaja ikifuata nyuma: huyu mtoto alizaliwa baba yako yuko vita vya Kagera; hii ni wakati wa foleni za sukari; hapa mvua za El Niño zimeezua choo; siku hii tunarudi Uwanja wa Taifa kumuaga Mwalimu. Wala sikuhitaji kuuliza tarehe. Vita ni 1978 na 1979, mvua ni 1997 kuingia 1998, Mwalimu ni Oktoba 1999. Mtu akiniuliza apange vipi picha za kwao, nitamwambia asianze na kompyuta. Aanze na mzee, na chai.

Majina tunayaandika nyuma, pembeni, kwa kalamu ya maka nyembamba ya kuandikia CD, na tunaacha ikauke kabla ya kulaza nyingine juu. Kalamu ya risasi hainati vizuri kwenye karatasi za siku hizi, na bolpeni huchora mpaka upande wa uso. Tunaandika jina kamili, siyo "bibi", maana bibi wa nani? Mama huandika mwenyewe. Mwandiko wake umeanza kutetemeka kidogo, nami naona nao ni sehemu ya picha.

Tumemaliza kopo isipokuwa moja. Ni mwanamke mrefu amevaa gauni la maua, amesimama kwenye kivuko cha Kigamboni, amemshika mkono mtoto anayekunja uso kwa jua. Mtoto, mama anadhani ni yeye. Mwanamke hamjui. Ameishika picha ile jioni tatu, anaiweka, anaichukua tena. Jana tuliipeleka isafishwe nakala mbili za 5R, ile ya inchi 5 kwa 7. Moja inaondoka na basi la Ijumaa kwenda Muheza, kwa mdogo wake bibi, ambaye jicho lake moja bado linaona vizuri. Tumepiga simu, tumemwambia akae karibu na dirisha.