Jiwe la majina ya waliokwenda Kagera

Shehiani kwetu, upande wa Wete, vikao vitatu vimeshapita na neno bado halijakaa. Wapo wanaotaka tujenge jiwe la kumbukumbu, liandikwe majina ya wenyeji wote waliokwenda vita vya Kagera, waliorudi na wasiorudi. Wengine wanasema fedha hizo wapewe wazee wenyewe, wangali hai, wanunulie dawa.

Hoja ya hawa wa pili inaeleweka haraka. Mzee mwenye goti bovu hapati nafuu kwa kuchongewa jina. Iliyo nzito ni ile inayosemwa kwa sauti ya chini: Januari 27, 2001 watu waliuawa hapa Pemba kwa risasi za vyombo vya dola, na wapo kinamama ambao mpaka leo wakiona sare moyo unawashtuka. Siwezi kuwaambia wasahau. Ila kijana wa mgambo aliyepanda meli mwaka 1978 hakuhusika na yale, naye pia alikuwa na mama aliyemlilia.

Wanaotaka jiwe wameitwa wapenda fahari, na hapo wameonewa. Wengi wao ni wajane na watoto wa waliobaki huko. Makaburi ya mashujaa wa vita vile yako Kaboya, Muleba, uvuke bahari kisha uikate bara yote hadi karibu na Ziwa Viktoria. Mjane wa Pemba atafikaje kuzuru? Bibi mmoja jirani yangu alinitolea mkebe wa biskuti. Ndani mna nishani iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, na barua iliyokatika vipande vinne kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Jina la mumewe limeangukia penye mkunjo, linasomeka nusu.

Nimekuwa nikiipiga hesabu hii tangu siku ile. Aliyekuwa na miaka 20 Amin alipoingia Kagera, Oktoba 1978, atatimiza 70 mwaka 2028, ndiyo kwanza aingie kwenye Pensheni Jamii ya Serikali ya Mapinduzi. Na huyo ndiye mdogo wao. Sajini wake wa miaka 35 atakuwa na 85, kama yupo. Dawa tunaweza kuziombea mchango mwaka huu na mwakani tena. Majina hayangoji hivyo, kwa sababu yamo vifuani mwa hawa wazee: nani alikuwa na nani Masaka, nani alionekana mara ya mwisho Lukaya. Mgambo aliyerudi akashika jembe lake, akafa kimya kimya, nani mwingine atamtaja?

Kumbukumbu zisizo na majina tunazo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927 kwa heshima ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na hakuna hata mmoja aliyetajwa. Beit el-Amani ya Mnazi Mmoja, Unguja, ilifunguliwa 1925 kwa ajili ya vita hivyo hivyo; muulize mpita njia, atakwambia ni makumbusho, basi. Mabaharia wa Kiingereza wa meli ya Pegasus, waliouawa bandarini Unguja Septemba 20, 1914, makaburi yao yapo Chapwani hadi leo. Wao walizikwa kwetu wakakumbukwa, na sisi wetu tuwaache?

Ningeanza na daftari kabla ya saruji. Sheha atoe tangazo misikitini, walimu wa skuli wawatume wanafunzi wakubwa nyumba kwa nyumba, wazee wasimulie. Jiwe lenyewe liwe dogo, na fedha zitakazosalia ziende kwenye dawa za hao hao wazee. Bibi yule amekubali barua yake ipigwe picha, kwa sharti moja: jina liandikwe zima, la mumewe, la baba yake na la babu yake.